Udongo wa Jukwaani Hunyunyiziwa Maji

Kwanza niwape la udongo, vijana wangu, kabla sijaingia katika mengine nikasahau. Mkitumia udongo jukwaani, unyunyizieni maji nusu saa kabla watu hawajaingia. Udongo mkavu hupaa. Utakufika kooni katikati ya maneno mazito, na hakuna msiba wa jukwaani unaostahimili kikohozi. Usiumwagie maji mengi pia, maana utakuwa tope, na tope huchekesha watu. Chukua konzi moja, uifinye. Ikishikana kidogo kisha ikaachana polepole, hapo umepata.

Nimeigiza kwa zaidi ya miaka arobaini, katika kumbi za makanisa, mabwalo ya shule na viwanja vya soko, na ninamshukuru Mungu kwa kila moja, hata zile zilizovuja. Nimekuwa mlevi, chifu, mganga na mchungaji. Nilikuwa Pilato kila Pasaka hadi watoto wa Kinoru wakaacha kunisalimia. Mwaka mmoja tulipeleka mchezo huo Kiambere. Bwawa kubwa liko pale, lakini wenyeji bado hubeba mitungi vichwani. Nilipomaliza kunawa mikono na kuyamwaga maji sakafuni, mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Huyu amemhukumu Bwana, na sasa anatumwagia maji!" Tangu siku hiyo Pilato wangu hunawa ndani ya beseni. Mjue mnamchezea nani kabla ya kuingia kwake.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Mzee Njeru wa Embu, Mungu amrehemu. Enzi zake hapakuwa na simu ya kuhifadhia mswada. Tulinakili sehemu zetu kwa mkono, chini ya karatasi kuna kaboni, na aliyepata nakala ya tatu alikisia nusu ya maneno. Ninyi leo mnasoma kwenye simu, na katikati ya kilio cha mjane simu inalia kumwambia mjane kwamba bando lake linakwisha. Sisemi ni vibaya. Nasema tu mkono ulionakili neno ulilikumbuka mapema kuliko kichwa.

Mzee Njeru alikuwa na kanuni nyingi, nami nilizishika zote isipokuwa moja. Alikuwa akisema: "Mdomo haujui mchezo. Usiutie mazoezini neno usilotaka kulikuta jukwaani." Niliivunja kanuni hiyo katika mchezo wangu wa mwisho, kabla magoti hayajanistaafisha. Ndiyo habari ninayotaka kuwaachia.

Mchezo huo uliandikwa na Mwalimu Wawira, mama wa Embu aliyekuwa amefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na ndiye pia aliyekuwa mwelekezi wetu. Mimi nilikuwa Mzee Kiragu, mkulima wa majani chai. Binti yangu katika mchezo, Kendi, aliigizwa na Makena, dada wa miaka kama thelathini mwenye duka la vitambaa mjini Meru. Kendi anadai sehemu ya shamba kama ndugu zake wa kiume. Baba anakasirika, na mbele ya jamaa wote anamtamkia lile neno ambalo sisi watu wa Mlima tunaliita kirumi, laana ya mzazi. Katika sehemu ya mwisho baba anaugua. Anamwita binti, anautia udongo wa shamba katika kiganja chake na kulirudisha neno lake.

Kwetu inajulikana hivi: aliyelisema ndiye hulirudisha, tena akiwa hai. Akifa nalo, limebaki.

Mstari wenyewe ulikuwa huu: "Siku ya maziko yangu, mkono wako usiguse udongo wangu." Mnajua uzito wake. Mazikoni mtoto hutangulia kutupa konzi ya udongo kaburini mwa mzazi. Kumnyima hilo ni kumwambia hakuzaliwa.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Maneno hayo sikuwa nikikutana nayo kwa mara ya kwanza. Miaka tisa kabla ya hapo niliyasema mwenyewe, jikoni kwangu, nikimwambia mwanangu wa kwanza, Gatwiri. Alikuwa ameolewa na Yusuf, kijana wa Kiislamu ambaye jamaa zake wana malori mjini Maua, na alikuwa ameingia dini ya mumewe. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Niliwaza watu watasema nini, nikayaita mawazo hayo imani. Mwalimu Wawira hakujua lolote kuhusu jikoni kwangu. Maneno ya namna hiyo hayana mwenyewe, wazee wenye hasira huyaokota mahali pamoja.

Gatwiri hakurudi. Mama yake alikuwa akizungumza naye kwa simu akiwa nyuma ya boma, nami nikajifanya sisikii. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa Injili, siamini kirumi, kwa hiyo sina cha kurudisha. Mwaka ule wa mchezo, presha ilikuwa imenilaza hospitalini mara mbili.

Kama kweli sikuamini, mtaniuliza, mbona sikuweza kuusema mstari?

Wiki ya kwanza tulisoma tumeketi, nikaupita kwa kunong'ona. Wiki ya pili tulisimama. Makena akapiga magoti mbele yangu, nikainua fimbo, nikavuta pumzi. "Siku ya..." Mdomo ukakauka. Nikaanza tena. "Siku ya ma..." Nikakwama.

Mwalimu Wawira alidhani ni matamshi. Hapa kwetu herufi d haitembei bila n ya kuisindikiza, na nusu ya kikundi tulikuwa tukisema "undongo". Akaniketisha pembeni.

"Baba Gatwiri, sema: u-do-ngo."

"Undongo."

"Wacha hiyo n ya kwanza ipumzike, iko na mwenzake mbele. U-do-ngo."

"Udongo."

"Sasa mstari wote."

"Mwalimu, koo limeniuma leo."

Mnaona alivyoniita. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kila siku ya miaka ile tisa, sokoni, kanisani, mazoezini, niliitwa kwa jina la mtoto niliyemfungia mlango, nami nikaitika.

Siku ya nne ya kukwama, Makena alichoka magoti. "Mzee, leo utanilaani ama nirudi dukani? Nimeacha mteja." Watu wakacheka. Mimi, ili kazi isonge, nikainua fimbo na kutoa kilichokuja kinywani. Kilikuwa tangazo nililokuwa nimelisoma kanisani Jumapili iliyopita, siku za kupanda miche: "Siku ya Jumamosi, kila mmoja aje na jembe lake!" Nililitoa kwa ghadhabu yote. Kikundi kikaanguka kicheko. Hata Mwalimu Wawira alitabasamu.

"Pumzi ni ileile," akasema. "Haya, tumia hiyo kwa sasa, ya kweli itakuja."

Nilishukuru. Nikalitumia kesho yake, na kesho kutwa, na wiki tatu zilizofuata. Makena alizoea kulia akisikia habari za jembe. Mimi nilizoea zaidi.

Nyumbani nilijaribu mara moja. Nilimpa mke wangu mswada anishikie, anisahihishe. Alivaa miwani, akasoma kimyakimya hadi pale. Akavua miwani.

"Baba Gatwiri, haya unayaita mchezo?"

"Yameandikwa na Mwalimu."

"Mimi niliyasikia kabla ya Mwalimu. Nilikuwa nimesimama hapa, na sufuria mkononi." Aliufunga mswada, akauweka juu ya meza polepole kama kitu cha moto, akaenda kulisha kuku. Hakunishikia mswada tena.

Onyesho la kwanza lilikuwa katika shule moja ya upande wa Kibugu. Baridi ya kule mnaijua, msitu uko pale nyuma. Wanafunzi walijaa bwaloni wamevaa sweta, na walimu wameketi mbele. Asubuhi hiyo nilirudia mstari kichwani mara mia, neno kwa neno. Nilikuwa nimemwahidi Mwalimu Wawira. Niliamini kwamba mbele ya watu, Mungu angenipa nguvu.

Ikafika zamu yetu. Makena akapiga magoti, machozi ya kweli mashavuni. Nikainua fimbo. Bwalo likanyamaza hata nikasikia mtu akimeza mate.

"Siku ya Jumamosi," nikanguruma, "kila mmoja aje na jembe lake!"

Kisha mvulana mmoja nyuma akauliza, "Na chai itakuwako, Mzee?"

Bwalo likapasuka. Nilisimama na fimbo yangu juu, nikihisi jasho likinitiririka katika baridi ile. Makena alikuwa ameinama, mabega yanatetemeka, nikadhani analia. Alipoinua uso niliona ameuma midomo kwa kucheka. Lakini yule dada ni mwigizaji, Mungu ambariki. Alijikaza, akasema kwa unyonge, "Nitakuja nalo, Baba," akainuka akatoka, na mchezo ukaendelea. Shikeni hilo: mwenzako akianguka, usimtazame alipoangukia, endelea mbele umvute.

Kicheko hakikuniumiza. Nimechekwa tangu ujana na nimeshukuru, kicheko kimenisomeshea watoto. Kilichoniumiza kilikuja mwisho. Niliketi kitandani mwa Mzee Kiragu, nikautia udongo kiganjani mwa Makena, nikalirudisha neno kwa sauti niliyoitunza kwa wiki sita. Hakuna aliyelia. Wanafunzi walitazamana. Baada ya mchezo tulikaribisha maswali, na msichana mmoja mdogo wa kidato cha kwanza au cha pili akasimama, mikono nyuma, akauliza kwa adabu:

"Mwalimu, huyu mzee alikuwa anamwondolea nini? Si hakuwa amemwekea kitu?"

Mwalimu Wawira alimjibu vizuri, sikumbuki alivyosema. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Mtoto yule alikuwa amesoma maisha yangu yote bila kujua. Huwezi kurudisha neno ambalo hukubali kwamba ulilisema.

Walimu walitupa chai katika chumba chao. Mwalimu Wawira alisubiri wengine watoke kupakia vitu, akasogeza kiti.

"Si herufi d, Baba Gatwiri. Sivyo?"

"Si herufi d."

Nikamwambia yote, jikoni, sufuria, Maua. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilitarajia aseme ataubadilisha mstari, aweke mwingine mwepesi. Alikunja kitambaa alichokuwa amefutia mikono, akakikunja tena.

"Siwezi kukubadilishia," akasema. "Nikiutoa huo, hakuna mchezo. Ukitaka kuacha, nitamtafuta mzee mwingine na sitakulaumu. Lakini hata mzee mwingine akiusema, wako utabaki mahali ulipo. Huo hauko katika mswada wangu, siwezi kukuelekeza."

"Nimekuwa nikiliombea jambo hili, Mwalimu."

"Umeliombea, ama umeomba lisitajwe?"

Siku mbili baadaye nilikwenda Maua.

Gatwiri alikuwa akianika nguo. Aliponiona langoni, kitambaa kilimwanguka mkononi.

"Mama yuko sawa?"

"Yuko sawa. Anakusalimu."

"Basi umekuja kwa nini?"

Kabla sijajibu, mume wake alitoka ndani. Yusuf nilikuwa nimemwona mara moja tu, naye alikuwa na kila sababu ya kunifungia lango. Alinipa mkono kwa mikono miwili. "Karibu, Baba. Usisimame juani." Akanipeleka sebuleni, akaniwekea chai ya maziwa na mahamri, akasema ana lori la kuangalia, akatuachia nyumba. Nadhani lori lile lilikuwa zima kabisa.

Gatwiri aliketi mbali, karibu na mlango. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeanza mvi chini ya mtandio. Nilikuwa nimeacha msichana, nikamkuta mama.

Niliinamisha kichwa. "Tuombe, mwanangu." Nikaanza: nilimshukuru Mungu kwa safari, kwa nyumba ile, kwa watoto, kwa mvua. Nina uzoefu wa maombi, vijana. Ninaweza kuomba hadi chai ipoe.

"Baba."

Nikafungua macho.

"Hukulisema kwa maombi," akasema. "Ulilisema kwa mdomo wako, ukinitazama. Unajua Mjomba Kirimi alipofariki nilikuja maziko? Nilisimama nyuma ya watu. Watu walipoitwa kutupa udongo nilirudi nyuma zaidi. Na mazishi ya hapa Maua ni hivyo hivyo. Majirani wakifiwa, ninapeleka chakula, ninaosha vyombo, lakini udongo sishiki. Mtoto wangu aliniuliza, 'Mama, kwani unaogopa uchafu?' Nikamwambia ndiyo."

Hapo ndipo nilipoona kwamba sala yangu ilikuwa tangazo la Jumamosi. Ilikuwa na pumzi ileile, nami nilikuwa nikiisema badala ya mstari. Mungu anisamehe, nilimtumia yeye mwenyewe kufunika.

Niliinuka. Magoti yangu yalikuwa tayari mabaya, lakini nilisogea hadi mbele yake, nikamtazama kama nilivyomtazama siku ile.

"Gatwiri. Nilikuambia: siku ya maziko yangu, mkono wako usiguse udongo wangu." Nilisikia sauti yangu ikiyasema yote, na dari haikuanguka. "Nilikosa. Si wewe uliyekosa. Neno hilo nalirudisha mimi niliyelisema, ningali hai. Siku ya maziko yangu, mkono wako utangulie."

Kisha nikafanya kama baba yangu alivyonifanyia nilipooa: nikatema mate kidogo, kama umande, katika viganja vyake. Hayo ni ya kale, nami ni Mkristo, lakini baraka haikunikatalia.

Nilitamani anikumbatie. Hakunikumbatia. Alikaa akitazama viganja vyake. "Nimesikia, Baba," akasema. Halafu akaichukua chai yangu iliyopoa na kwenda kuniwekea nyingine ya moto. Kwa neno la miaka tisa, nilihesabu kikombe hicho kuwa neema kubwa.

Nilipokuwa nikiondoka nilimwambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba tunacheza Meru mwishoni mwa mwezi, ukumbi ulio karibu na Kinoru. Nikamwambia pia kuna mstari ndani yake atakaoutambua. Sikutaka ukamvamie gizani. Hakusema atakuja.

Mazoezini nilianza upya. Mdomo uliofunzwa vibaya haufunzwi upya kwa kutaka tu. Nilikaa na mstari ule asubuhi na jioni, nikiusema polepole, kila siku mbele ya Makena, nikimtazama machoni. Mara ya kwanza nilipoutoa wote, nilishusha fimbo. Makena alibaki magotini.

"Mzee," akasema, "sasa naomba ile ya jembe."

Lakini hakutania siku nyingine. Kila jioni baada ya mazoezi, niliomba nimwekee mkono kichwani na kumtakia heri, kwa jina lake mwenyewe, Makena, si Kendi, ili neno la mchezo lisimfuate nyumbani. Ninawashauri mfanye hivyo. Mkiwapa wenzenu maneno makali jukwaani, waageni kwa mema kabla hawajavua mavazi.

Siku ya onyesho nilinyunyizia udongo mwenyewe. Ukumbi ulijaa. Sikutafuta mtu, maana mwigizaji anayetafuta jamaa zake kati ya watazamaji hutoka nje ya mchezo. Lakini kipofu tu asingeuona mtandio wa kijani, mstari wa tatu, na Yusuf pembeni yake, na mke wangu upande wa pili amemshika mkono.

Makena akapiga magoti. Nikainua fimbo, nikavuta pumzi.

Niliusema. Niliusema wote, na d yake ikatembea peke yake. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekohoa. Na mwishoni, nilipoutia udongo kiganjani mwa binti, nilisikia ukumbi ukilia, si kwa kelele, bali kama mvua ya asubuhi inavyoanza juu ya migomba. Wote walijua ninamwondolea nini.

Mwalimu Wawira alikuwa na desturi kwamba waigizaji wasafishe jukwaa wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Watu walikuwa wakitoka. Nilipiga magoti kwa shida, nikaanza kuuzoa udongo uliomwagika kuurudisha ndani ya karai. Mtu akapiga magoti kando yangu. Nilidhani ni Makena.

"Baba, mngeunyunyizia maji zaidi kidogo," akasema. "Umepaa ukatufikia hadi mstari wa tatu."

Gatwiri aliukusanya kwa mikono yake miwili, bila haraka, konzi baada ya konzi, hadi mbao zikaonekana. Mama yake alimletea maji ya kunawa katika kopo. Akalipokea, akaliweka chini kando yake, na kwa muda hakunawa.